Barua ya wazi kwa Meneja wa hifadhi yetu: mmeondoa vikasha, watafutaji mkawaacha

6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Hifadhi,
na nakala kwa Idara ya Hifadhi za Jimbo.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: KUONDOLEWA KWA VIKASHA 7 VYENYE KIBALI, NA BARUA TATU ZISIZOJIBIWA

Nakusalimu wewe pamoja na walinzi walio chini yako, ambao kazi yao naiheshimu na baadhi yao nawafahamu kwa sura. Naandika hadharani baada ya kuandika mara tatu kwa faragha. Barua ya kwanza, ya mwezi wa Juni, ilijibiwa na mashine kwamba imepokelewa. Ya pili, ya Julai, haikujibiwa hata na mashine. Ya tatu niliileta mkononi tarehe 4 Agosti, karani akaipiga muhuri mbele yangu, na tangu siku hiyo miezi miwili imekatika. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe linazihusu familia ambazo lugha yao ya pamoja ni hii, zilizotoka Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mombasa na sasa zinaishi hapa Marekani, nazo zimekuwa zikiniuliza kila Jumamosi tumefikia wapi. Tafsiri yake nitaileta ofisini kwako wiki hii hii. Jina la hifadhi na la jimbo nimeyaacha nje kwa makusudi, kwani nia yangu ni kupata jibu, si kumwaibisha mtu.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kukutana na mchezo wa kutafuta vikasha hivi, nieleze kwa ufupi. Duniani unajulikana kwa jina la jiokashingi. Sisi nyumbani tumezoea kuuita mchezo wa vikasha. Mtu huficha kikasha mahali aliporuhusiwa, akachukua majiranukta yake, yaani latitudo na longitudo, akayachapisha kwenye orodha inayosomwa popote, na wengine wakaja na simu janja au kifaa cha GPS, mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo, kukitafuta. Anayekipata huandika jina na tarehe katika daftari lililomo, hukirudisha vile vile alivyokikuta, na kwenda zake. Akipenda kuchukua kijizawadi kilichomo, huacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Mchezo ulizaliwa Mei 2000. Serikali ya Rais Clinton ilikuwa imezima upotoshaji wa makusudi uliotiwa katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kifaa kilichozoea kukosea kwa takriban mita 100 kikaanza kukosea kwa mita 10 au 20 tu, na tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, ndani yake mkiwa na vitabu, manati na kopo la maharage. Leo vikasha vinavyotafutwa vimezidi milioni 3. Kimoja kilipelekwa hata kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2008, mahali ambapo nadhani hapakuhitajika fomu ya kurasa mbili.

Kwetu ilihitajika, nasi tuliijaza. Mwaka 2023 niliomba kuweka vikasha 9 katika msitu wenu wa mialoni kando ya mto. Mlinzi mmoja, mtu makini sana, alitembea nami kuanzia asubuhi mpaka alasiri akikagua mahali pamoja baada ya pengine. Mahali pawili alipakataa: pamoja kwa ajili ya okidi za porini zinazochipua kando ya kijito, pengine kwa sababu ukingo wa mto unamomonyoka. Sikubishana naye, maana yeye ndiye aliyeujua msitu. Vikabaki 7, kila kimoja kikapewa namba, kikachorwa kwenye ramani yenu, na kibali kikatiwa sahihi kwa miaka mitatu, hadi Agosti 2026.

Kikasha chenyewe ni cha plastiki inayoonyesha ndani, cha aina ile ya kuhifadhia chakula, chenye mfuniko unaobana pande zote nne na ukanda wa mpira usiopitisha maji. Nje kimebandikwa karatasi yenye jina la mchezo, namba ya kibali chenu na namba yangu ya simu. Ndani mna daftari lililotiwa katika mfuko wa nailoni, penseli mbili (wino huganda wakati wa baridi kali), na vijizawadi: shanga, vifungo vya kifuu cha nazi, kipande cha kitenge kilichoshonwa kuwa kishikizo cha funguo, sarafu ya Kenya ya shilingi 20 yenye picha ya tembo. Chakula hatuweki, kwa sababu wanyama hunusa, wala kitu chochote chenye makali.

Wanaocheza ni familia kumi na moja, na wageni wengi tusiowajua. Kwa mtu aliyefika Marekani akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, msitu wa huku si mahali pa kuingia hivi hivi. Kuna mabango ya makatazo, kuna upupu wa huku wenye majani matatu, kuna kupe, na juu ya yote kuna ile hofu kwamba pengine umeingia pasipokuhusu. Kikasha kilikuwa sababu ya kuingia. Bibi mmoja wa Uvira, aliyevuka miaka 70, ndiye aliyekipata kikasha namba 2 siku ya kwanza, wajukuu wakiwa bado wanazungusha simu kushoto na kulia. Alisimama akaliangalia rundo la vijiti chini ya mwaloni ulioanguka, akasema, “Hivi vimepangwa na mtu. Kijiti kilichoanguka chenyewe hakilali hivi.” Akaviondoa kimoja kimoja kwa ncha ya mwavuli mpaka mfuniko ukaonekana. Simu zote zilikuwa zikionyesha mita 6 upande wa pili wa njia.

Baada ya hayo, Mheshimiwa, naomba kuyataja malalamiko yetu kwa mpangilio.

1. Vikasha viliondolewa bila mwenye kibali kuambiwa.

Jumamosi ya tarehe 3 Mei mwaka huu, siku mchezo ulipotimiza miaka 25, tulikwenda familia tano pamoja na keki. Kikasha namba 1 hakikuwepo. Namba 2 hakikuwepo. Tulipofika cha nne, watoto walikuwa wameacha kukimbia mbele yetu. Nilidhani vimeibwa, jambo ambalo hutokea, na wiki iliyofuata nikaweka kikasha kipya mahali pa namba 1, nacho kikatoweka baada ya siku 9. Ukweli niliujua tarehe 12 Juni, tena kwa bahati. Nilikuwa nimekuja ofisini kununua kibandiko cha gari cha mwaka, nikainua macho, nikaviona vyote vinane vimepangwa kwenye rafu nyuma ya karani, kati ya chupa za maji zilizosahauliwa na kiatu kimoja cha mtoto. Karani alinieleza kwa upole kwamba pale huwekwa vitu vilivyotelekezwa. Kikasha cha juu kabisa kilikuwa kimegeuzwa upande wa karatasi, na namba yangu ya simu niliweza kuisoma nikiwa upande wa pili wa meza.

2. Orodha iliachwa wazi, na msitu ndio uliolipa.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua hii, na ndilo nililolieleza kwa urefu katika barua zile tatu, kwa hiyo naomba lisomwe kwa makini. Kuondoa kikasha hakuondoi mchezo. Kinachomleta mtu msituni ni majiranukta yaliyochapishwa, na hayo yaliendelea kusomeka kwa siku 40, tangu tarehe 3 Mei hadi jioni ya tarehe 12 Juni nilipoyafunga mwenyewe. Katika muda huo ziliingia taarifa 23 za watu waliokuja kutafuta wasipate, na hao ni wale tu waliojisumbua kuandika.

Fikiria mtafutaji anavyofanya kazi. Chini ya mialoni yenye majani, GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo mtu hufika kwenye nukta, hutazama mahali pawili au patatu panapofaa kuficha kitu, hukipata, huandika jina na kuondoka. Huwa ni dakika kumi, pengine kumi na tano. Asipokipata hujilaumu mwenyewe, hupanua duara, huinua gome, hugeuza gogo, huchungulia tundu la mti, na kesho yake huja mwingine aliyesoma taarifa ya yule wa kwanza na kuichukulia kama changamoto. Mmoja aliandika kwamba amegeuza kila gogo ndani ya mita 20. Aliandika kwa fahari, akidhani anatusaidia. Huo ulikuwa mwezi wa Mei, wakati ndege wa ardhini wamelalia mayai, na chini ya magogo hayo hayo ndiko wanakoishi salamanda wanaohitaji unyevu ili wapumue kwa ngozi. Gogo likigeuzwa na kuachwa chali, unyevu ule hukauka. Nilipokwenda kukagua mahali pa namba 5 niliyakuta magogo manne yamelala tumbo juu, udongo mweusi umepasuka kwa jua. Niliyarudisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikijua kwamba kilichokuwa chini yake kilikwisha kuhama au kufa.

Yote hayo yangezuiwa kwa simu moja. Kama hamkutaka kunipigia mimi, kila kikasha kabla ya kuchapishwa hupitiwa na mhakiki wa kujitolea, na mhakiki huyo akiambiwa na msimamizi wa ardhi kwamba ruhusa imeondolewa, huufunga ukurasa wake bila kumuuliza mwenye kikasha. Uwezo huo mlikuwa nao tangu siku ya kwanza. Hatua iliyochukuliwa kwa jina la kulinda mazingira ndiyo iliyoyaumiza kuliko miaka miwili ya vikasha vyenyewe.

3. Kibali hakikutulinda.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, wiki tatu kabla ya vikasha kuonekana havipo, mpita njia alipiga simu kuwaarifu walinzi kwamba kuna watu wanachakurachakura chini ya gogo. Watu hao walikuwa baba mmoja wa Kirundi, mkewe na watoto wao watatu. Walikuja walinzi wawili. Yule baba aliambiwa atoe mkono kwenye tundu la gogo taratibu, na ashike simu yake mahali inapoonekana. Alionyesha nakala ya kibali, niliyowatumia wote kwenye simu, na walinzi wale, ambao kwa haki nasema walikuwa na adabu, walimjibu kwamba hawajawahi kuona karatasi ya namna hiyo wala kusikia mchezo huo. Walikaa pale dakika 25 mpaka ofisi ilipothibitisha. Watoto walisimama kimya muda wote. Familia hiyo haijarudi hifadhini mpaka leo, ingawa hakuna aliyewakataza.

Nakubali kwamba mchezo wenyewe una sehemu yake katika tatizo. Mchezaji hufundishwa asionekane akikitoa kikasha, ili wasiojua wasije wakakiharibu, na mtu anayejificha huonekana kama mwenye jambo la kuficha. Lakini wote tunajua kwamba si kila anayeinama chini ya gogo hupigiwa simu. Mimi nimewahi kuwakuta vijana wawili wa Kizungu wameingia vichakani mpaka mabegani wakitafuta kikasha hicho hicho, watu wakipita na kuwatakia kheri. Walinzi wangekuwa na orodha ya vibali ndani ya gari, mambo yangeisha kwa dakika mbili.

Sitaki kudai kwamba vikasha viliondolewa kwa sababu ya simu ile. Lakini mfuatano wa tarehe unaniruhusu kuuliza, na ninauliza.

4. Hakuna uamuzi ulioandikwa.

Mlinzi aliyetia sahihi kibali amehamishiwa kwingine. Tangu aondoke nimepewa maelezo matatu tofauti kwa mdomo: kwamba kibali kimefutwa, kwamba kimesitishwa, na kwamba hakijawahi kuwa halali. Hakuna hata moja lililoandikwa.

5. Madaftari ya watoto yamezuiliwa.

Plastiki inaweza kununuliwa tena. Madaftari yale hayanunuliki. Yamekuwa yakijazwa kwa miaka miwili, na ndani yake mna mwandiko wa mgeni kutoka Ujerumani aliyechora kichwa cha paa, wa wazee wawili walioandika kwamba walikuwa wakiadhimisha ndoa yao, na wa mtoto wa miaka 6 aliyeandika jina lake kamili kwa mara ya kwanza maishani mwake akilipumzisha daftari juu ya goti, herufi ya mwisho ikiwa imegeukia nyuma. Yupo pia babu wa Kigoma, ambaye alifariki Februari mwaka huu, na jina lake limo katika daftari la namba 6. Nilimwomba karani anikabidhi madaftari peke yake, abaki na vikasha. Akasema hana mamlaka. Nilimwelewa, lakini wewe unayo.

Najua ni majibu gani yanaweza kutolewa, kwa hiyo niyatangulie.

Litasemwa kwanza suala la mazingira, nalo ni suala la haki. Watu wengi wakikanyaga mahali pamoja nyasi hufa, na kijia huzaliwa. Kikasha chetu namba 4 kilifanya hivyo: majira ya kiangazi ya 2024 niliona mstari wa udongo mtupu, upana wa kiatu, unaotoka njiani kwenda kwenye mti. Nilikiondoa siku ile ile, nikamwarifu mlinzi, tukakihamishia kwenye mawe ambako mguu hauachi alama, na mstari ule umekwisha kufunikwa na nyasi. Hivyo ndivyo kibali kinavyopaswa kufanya kazi. Ni kweli pia kwamba ndoo ile ya Oregon ilifukiwa nusu ardhini, na wapo wanaoukumbuka mchezo kwa picha hiyo. Leo kanuni za mchezo zinakataza kuchimba bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na kikasha kimoja hakiruhusiwi kuwekwa ndani ya mita 161 za kingine. Wachezaji wana utaratibu tangu 2002 wa kutoka msituni na takataka walizozikuta. Aprili iliyopita sisi tulitoa mifuko 14 kandokando ya mto, ambayo walinzi wenu waliipakia kwenye gari lenu na kutushukuru.

Litasemwa suala la usalama, kwamba kitu kilichofichwa hutia hofu. Nalo lina msingi. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, wataalamu wa mabomu walikilipua kikasha kilichofichwa mbele ya mkahawa, baada ya mtu kumwona mchezaji akihangaika nacho. Wapo pia wachezaji wanaopenda makasha ya chuma ya jeshi yaliyowahi kuwekwa risasi, kwa sababu hayapitishi maji, na mimi sijawahi kuwaunga mkono. Ndiyo maana vyetu ni vya plastiki inayoonyesha ndani, havimo mtaani bali msituni, na vimeandikwa namba ya kibali chenu.

Litasemwa kwamba hifadhi za taifa zimekataza. Ni kweli kwamba Shirika la Hifadhi za Taifa la Marekani, lililoundwa mwaka 1916, kwa kawaida haliruhusu vikasha halisi katika ardhi yake. Lakini hifadhi hii ni ya jimbo. Ina sheria zake, ina fomu yake, na fomu hiyo ina mstari uliochapishwa unaotaja mchezo huu kwa jina. Haiwezekani kumpa mtu fomu yenu aijaze, mkaikubali, kisha mkamhukumu kwa kanuni za nyumba ya jirani.

Litasemwa kwamba tungeweza kucheza bila kikasha, kwa zile nukta ambazo mtu hufika, akatazama jabali au maporomoko, akajibu maswali ya jiolojia. Aina hiyo ipo tangu 2004, ilianzishwa kwa ushirikiano na Jumuiya ya Kijiolojia ya Marekani, na mimi binafsi naipenda. Kule kwenye jabali lenu la mchanga ingefaa sana. Iwekwe. Lakini mtoto wa miaka 6 aliyetembea kilomita 3 anataka kufungua kitu, na bibi wa Uvira hawezi kuyasoma maswali yale kwa Kiingereza.

Mwisho litasemwa kwamba watumishi ni wachache, na hilo silibishi hata kidogo. Nimewaona walinzi wenu wakisafisha vyoo na kukata miti iliyoziba njia siku moja. Kwa sababu hiyo hiyo nilijitolea katika barua ya pili, na narudia hapa, kwamba kila kikasha nikikague mwenyewe kila mwezi na kuwaletea ripoti ya ukurasa mmoja yenye picha ya ardhi inayokizunguka. Kuwapandisha milimani walinzi wawili kwenda kukusanya vikasha 8, kimojawapo kikiwa juu ya mawe mwendo wa saa moja kutoka barabarani, kulitumia muda mwingi zaidi kuliko kuniandikia mistari mitatu.

Tunachoomba, Mheshimiwa, si kikubwa. Tunaomba madaftari yote yarudishwe sasa, bila kusubiri uamuzi juu ya mengine, kwani hayana uhusiano wowote na mazingira wala usalama. Tunaomba kibali cha 2023 kithibitishwe au kifutwe kwa maandishi yenye sahihi, na kama kinafutwa, itajwe sababu kwa kila kikasha kwa namba yake, kwa maana kilicho juu ya mawe na kilicho chini ya gogo haviwezi kuwa na kosa moja. Tunaomba pia uwekwe utaratibu kwamba kikasha chochote, chetu au cha mwingine, kisiondolewe kabla ukurasa wake haujafungwa, isipokuwa penye hatari ya papo hapo. Hili ningeliomba hata kama vikasha vyetu visingerudi kamwe, kwa ajili ya yale magogo manne. Na tunaomba orodha ya vibali halali iwekwe katika kila gari la doria, pamoja na tangazo dogo kwenye ubao wa maegesho linaloeleza mchezo huu ni nini, ili mpita njia asome kabla ya kupiga simu. Maandishi yake kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili nitayaandaa na kuyachapisha kwa gharama yangu.

Niko tayari kuja siku yoyote, saa yoyote ya kazi, na kutembea tena msitu mzima na mlinzi mtakayemchagua, kama tulivyofanya 2023. Akisema mahali hapafai, nitapaacha. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 7 Novemba, kwa kuwa theluji ikishaanguka hakuna ukaguzi wa ardhi utakaowezekana mpaka Aprili. Lisipopatikana, barua hii pamoja na nakala za zile tatu, kibali, ramani na picha za magogo nitazipeleka mbele ya kamati ya wananchi inayoishauri Idara, katika kikao chake kijacho kilicho wazi kwa umma.

Madaftari nitayafuata mwenyewe. Nipigieni tu simu. Namba iko kwenye kila kikasha.

Wako katika kuutunza msitu huo huo,

Mwenye kibali cha vikasha 1 hadi 7,
kwa niaba ya familia kumi na moja